Maziwa ya Jioni

Ile siagi uliyopakiwa kwenye mkate ukiwa darasa la pili, ile ya kopo la Blue Band, haikuwa siagi. Ni majarini, yaani mafuta ya mimea. Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na mkemia mmoja, Hippolyte Mège-Mouriès, wakati serikali ya huko ilikuwa inatafuta mafuta ya bei rahisi ya kulisha wanajeshi na maskini. Huku kwetu tukaibatiza siagi na maisha yakaendelea.

Mimi nilijua hivyo nikiwa na miaka ishirini na tatu, na nilifundishwa na nyanya yangu jikoni, mbele ya watu.

Ilikuwa Desemba, nyumbani Nandi, upande wa juu wa Kapsabet. Jumamosi kulikuwa na koito ya binamu yangu, siku ambayo familia ya mvulana inakuja kuzungumza mahari. Shangazi alikuwa ametoka Eldoret na gari limejaa: mchele, soda, sukari, sahani za kukodisha. Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kinandi, aliuliza kitu kimoja tu.

"Siagi iko wapi?"

Shangazi akamwonyesha kopo. Kogo akalifungua, akanusa, akalifunga.

"Hii ni ya mkate," akasema. "Si ya kupaka mtoto kichwani."

Kwa wale ambao hawajawahi kuhudhuria: mazungumzo yakiisha vizuri, kwetu wazee huwapaka vijana siagi kama baraka. Siagi ndiyo muhuri. Bila hiyo mmekula tu mchele pamoja. Miaka ya karibuni watu wamekuwa wakitumia chochote kilichoko, na hakuna anayeuliza. Kogo aliuliza.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu ambayo kila mtu alikuwa anaijua na hakuna aliyeitaja. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imeshinda, na nilikuwa nimeambia watu ati niko likizo ndefu. Kogo akaangalia jikoni kote, akanifikia mimi.

"Lakwet, wewe huna kazi. Utasuka maziwa."

Lakwet ni mtoto. Nikacheka, kwa sababu kwangu mimi kinachosukwa ni nywele. Lakini ukifungua kamusi ya Kiswahili utapata suka ina maana mbili. Ya kwanza ni hiyo ya saluni. Ya pili ni kutikisa kitu huku na huku, na maziwa yakisukwa hivyo hutoa siagi. Maana ya pili imeanza kupotea midomoni mwetu kwa sababu kazi yenyewe imepotea. Nimekaa na jambo hilo tangu Desemba, nikisoma kila nilichopata kuhusu maziwa ya nchi hii, na nataka kukuonyesha kwamba kazi hiyo haikupotea yenyewe tu.

Kwanza, inavyofanyika.

Maziwa ni maji yenye vitone vidogo sana vya mafuta vinavyoelea ndani yake. Kila kitone kimefunikwa na utando mwembamba unaokizuia kushikana na jirani yake. Ukitikisa maziwa kwa muda mrefu, vitone vinagongana hadi utando unapasuka, na mafuta yanaanza kushikamana. Mwishowe kila kitu kinageuka: mwanzoni mafuta yalikuwa ndani ya maji, sasa ni maji kidogo yaliyofungwa ndani ya mafuta. Siagi ni karibu asilimia 80 mafuta, na sehemu kubwa ya inayobaki ni maji.

Hali ya hewa ina sauti kubwa hapa. Maziwa yakiwa moto sana, mafuta yanakuwa laini na hayashikani vizuri. Yakiwa baridi sana, ni magumu na yanapita tu kando ya mengine. Nandi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi yake ni kama imepimwa kwa kazi hii. Kogo hajui utando wala asilimia. Anajua kwamba unasuka kabla jua halijapanda, kwamba kibuyu hakijazwi zaidi ya nusu ili maziwa yapate nafasi ya kuruka, na kwamba maziwa yaliyoanza kuganda hutoa siagi haraka kuliko maziwa mabichi. Yote matatu ni kweli, hata ukiuliza mtu wa maabara.

Kibuyu chenyewe kinaitwa sotet. Huoshwa kwa sosiot, ufagio mdogo wa mti wa jamii ya mtende, kisha ndani hupakwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Ni kibuyu kile kile cha mursik, ambayo bila shaka umeona wanariadha wetu wakinyweshwa uwanja wa ndege. Mkaa unatoa harufu, unatoa ladha, na unasaidia maziwa kukaa.

Zamani maziwa yote yalimiminwa kwenye kibuyu, yakaachwa yagande, yakasukwa. Safari hii Kogo alichukua njia ya mkato. Jumatano jioni aliweka lita kumi kwenye sufuria pana, akaziacha zilale. Asubuhi akaengua malai, akayaweka kwenye kibuyu. Alhamisi jioni akarudia. Yaliyobaki yakaenda kwa chai na kwa ndama.

Baba mdogo, ambaye ndiye baba wa bibi harusi na ndiye anayesimamia ng'ombe, alikuja mlangoni akikuna kichwa.

"Mama, hizo lita ishirini ni kama elfu moja."

"Najua hesabu," Kogo akamjibu. "Na mtoto anayeolewa ni wa nani?"

Akaondoka. Hiyo hesabu ya elfu moja ndiyo historia ninayotaka kukupa, kwa hivyo ishike.

Kabla ya lori kuja, siagi ilikuwa kila mahali katika nchi hii, na ilifanya kazi nyingi kuliko kuliwa. Ilipakwa ngozini dhidi ya baridi na jua. Ilipakwa mtoto mchanga. Ililainisha mavazi ya ngozi ili yasikauke na kupasuka. Ikichemshwa hadi maji yaishe na povu litulie, inakuwa samli, na samli inakaa miezi mingi bila friji kwa sababu bila maji vijidudu havina pa kuishi. Samli ni neno lililotoka kwa Waarabu na kuingia Pwani, lakini kitu chenyewe kilikuwa na jina kila mahali palipokuwa na ng'ombe. Wanandi hutumia neno mwaita, linalobeba mafuta kwa jumla. Waborana wa Marsabit na Moyale mpaka leo hukaanga buni nzima kwenye siagi, wakaziita buna, na hunywewa wageni wakija na maombi yakifanywa. Huko huko kaskazini kuna nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa, ikahifadhiwa ndani ya mafuta.

Na karibu kila mahali, mkono uliosuka ulikuwa wa mwanamke. Ng'ombe anaweza kuwa wa mwanamume kwa jina, lakini maziwa yakishaingia kwenye kibuyu, mwenye kibuyu ndiye aliyeamua: hiki ni cha watoto, hiki ni cha mgeni, hiki kinasukwa.

Usidhani siagi ilikuwa nyingi. Ng'ombe wa kienyeji, akishamnyonyesha ndama wake, anabakisha lita moja au mbili kwa siku. Kilo moja ya siagi inataka lita kama ishirini za maziwa. Piga hesabu uone ni siku ngapi za kuamka mapema zimo ndani ya ule mpako mdogo kwenye kichwa cha bibi harusi. Ndiyo maana ilikuwa baraka. Ungepaka mtu kitu rahisi, ungekuwa umembariki na nini?

Sasa ingia karne ya 20.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi wa kutisha. Mifugo ilikuwa bado inajijenga upya reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Wanandi walipigana na reli hiyo na waliokuja nayo kwa miaka mingi. Oktoba 19, 1905, Koitalel Arap Samoei aliuawa kwenye mkutano ulioitwa ati ni wa amani, na msafara wa kijeshi uliofuata ulichoma nyumba na kuswaga maelfu ya mifugo. Waliobaki wakasukumwa kwenye hifadhi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hifadhi hiyo nayo ikamegwa, maeneo ya Kipkarren na Kaimosi, wakapewa wanajeshi wazungu waliorudi kutoka vitani.

Masetla walikuwa na shida moja iliyofanya siagi iwe muhimu kwao kuliko maziwa. Maziwa hayasafiri. Nairobi ilikuwa ndogo, soko lenyewe lilikuwa London, na kutoka Bonde la Ufa hadi London ni wiki nyingi za treni na meli. Lakini siagi inasafiri. Kwa hivyo kila shamba la ng'ombe likawa na mashine ya kutenga malai, ile iliyobuniwa na Msweden Gustaf de Laval mwaka 1878. Unazungusha mkono, maziwa yanazunguka kwa kasi ndani ya bakuli, maziwa mepesi yanatoka bomba moja na malai bomba lingine. Malai yalitiwa kwenye mikebe, yakabebwa kwa mkokoteni wa maksai hadi stesheni, yakapanda treni hadi kiwandani. Maziwa yaliyobaki yalilisha ndama na nguruwe.

Mwaka 1925 masetla walianzisha Kenya Co-operative Creameries kule Naivasha, KCC unayoijua wewe. Mwaka 1931, bei ya siagi ilipoporomoka duniani, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya tozo ya siagi. Inavyofanya kazi ni hivi: siagi inayouzwa hapa nchini inatozwa, na pesa hizo zinaenda kumfidia anayeuza nje kwa hasara. Kwa maneno mengine, aliyenunua siagi Nairobi au Mombasa alikuwa anasaidia kumshushia bei mla mkate wa London. Nilisoma hiyo mara mbili, bana.

Lakini kwa nini Kogo wa Kogo yangu hakuuza siagi yake kwenye treni hiyo hiyo? Ng'ombe alikuwa naye, na kusuka kwao kulijulikana kabla ya de Laval kuzaliwa.

Jibu rahisi ni kwamba siagi ya kibuyu haikufaa kiwandani. Ni kweli, siagi ya moshi na mkaa haiwezi kuchanganywa na ya Naivasha ikatoka na ladha moja. Lakini hilo ni jibu la mwisho. Ya kwanza yalikuwa mengine. Mapema miaka ya 1920, Nandi iliwekwa chini ya karantini ya sotoka na mifugo haikuruhusiwa kutoka kuuzwa, huku kodi ikiendelea kudaiwa kama kawaida. Hasira hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za maandamano ya Wanandi ya 1923, yaliyozimwa kabla hayajaanza kwa kumkamata orkoiyot Barsirian Arap Manyei. Alikaa kizuizini hadi baada ya uhuru.

Kwenye mashamba ya masetla nako, maskwota Waafrika walikuwa na mifugo yao waliyoingia nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo hiyo ilianza kupunguzwa kwa nguvu, na wenyewe wakaliita zoezi hilo kifagio. Sababu moja iliyotolewa ilikuwa magonjwa: ng'ombe wa skwota angemwambukiza ng'ombe wa gredi wa setla. Na ng'ombe wa gredi wenyewe, hao wa malai mengi, kwa miaka mingi hawakuwa wa Mwafrika kufuga. Mlango ulianza kufunguliwa kwa upana na Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, wakati serikali ilitaka kujenga tabaka la wakulima Waafrika wenye kitu cha kupoteza.

Kilichoruhusiwa kwa Waafrika kabla ya hapo kilikuwa samli. Idara ya mifugo iliitia moyo miaka ya 1930, hasa Nyanza, na samli ikajazwa kwenye madebe na kununuliwa na wenye maduka Wahindi. Ilikuwa biashara halisi na ilisaidia watu kulipa kodi. Lakini ona mpangilio ulivyokaa. Siagi ya London kwa masetla, samli ya dukani kwa wenyeji. Maziwa ni yale yale. Tofauti ilikuwa nani anaruhusiwa kupanda treni.

Kogo aliolewa mwaka 1963. Aliingia boma hili na vibuyu vitatu kutoka kwa mama yake. Ng'ombe wa kwanza wa gredi alikuja miaka kadhaa baadaye, jike mweusi na mweupe ambaye Kogo anasema alikuwa mwoga wa mvua. Huyo mmoja alitoa maziwa kuliko wa kienyeji wanne. Na pamoja naye ikaja barabara, na kwenye barabara likaja lori.

Lori lilikuja asubuhi. Mtu akisikia hivyo anaona ni ratiba tu. Lakini ratiba hiyo ilizaa sheria ya nyumba nzima. Mtafiti Mmarekani, Regine Smith Oboler, aliyeishi Nandi miaka ya 1970, aliandika jambo ambalo nilipolisoma niliona ni kama alikuwa amekaa jikoni kwetu: maziwa ya asubuhi yalihesabiwa kuwa ya mume, ya kuuza, maziwa ya jioni yalikuwa ya mke. Ya jioni hayangengoja lori hadi kesho yake bila kuharibika, kwa hivyo yalibaki nyumbani. Na kilichobaki nyumbani kilikuwa cha mwenye kibuyu.

Nilimuuliza Kogo kama ni kweli. Alinitazama kama nimeuliza kama mvua ni maji.

"Ya asubuhi yalikuwa ya kugu yako. Ya jioni, angeyagusa angeniambia alikuwa anatafuta nini."

Kwa hivyo kusuka hakukuisha lori lilipokuja. Kulihamia jioni. Kogo alisuka ya jioni, akachemsha samli, akaijaza kwenye chupa za soda, akaiuza kwa mwenye duka Kapsabet. Pesa hiyo hakuuliziwa na mtu. Ilinunua chumvi, sare, na kuku wake wa kwanza. Baba yangu alifanya mtihani wa kidato cha nne kwa ada iliyotoka kwenye chupa hizo. Sikuwahi kujua. Nilijua hadithi ya babu kuuza maziwa asubuhi ili asomeshe watoto, kwa sababu hiyo ndiyo inayosimuliwa kwenye matanga.

Usinielewe vibaya, sitaki kukuuzia hadithi ya zamani tamu. Nilimuuliza Kogo kama anatamani siku za kusuka kila siku. Akanionyesha bega lake la kulia, linavyokaa chini kidogo ya la kushoto.

"Nani anatamani maumivu? Nilitamani ile pesa kuwa yangu."

Kisha tanki la kupoza maziwa lilikuja kwenye soko letu. Ni kitu kizuri, siwezi kulisema vibaya. Maziwa yakipozwa haraka hadi nyuzi nne hivi, yanalala salama hadi kesho. Wakulima wengi walikuwa wanamwaga ya jioni au kuyauza kwa hasara, na sasa wanalipwa kwa yote. Lakini siku ile tanki lilipowashwa, maziwa ya jioni yalipata lori. Pikipiki inayapitia saa kumi na mbili na nusu. Akaunti ina jina moja, na si la Kogo. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Hakukuwa na kikao wala ugomvi. Siku moja tu alitoka na kibuyu akakuta ndoo imeshaondoka.

Ndiyo maana nilisema ushike ile elfu moja. Kabla ya tanki, lita ishirini za jioni zilikuwa samli ya Kogo na hakuna aliyezitia bei. Baada ya tanki, kila kibuyu anachosuka ni pesa anayomtoa mtu mfukoni. Kibuyu hakikushindwa kutoa siagi. Kilichobadilika ni nani anayaita maziwa yangu.

Ijumaa aliniamsha saa kumi na moja. Giza, baridi ya kukata masikio. Alinikalisha kwenye kigoda, miguu mbele, kibuyu mapajani, na kunionyesha: si kutikisa kama dawa ya kikohozi. Unakilaza, unakisukuma kiende, unakivuta kirudi, na unaacha uzito wa maziwa ufanye kazi. Kila baada ya muda unafungua kidogo ili hewa itoke, ama kizibo kitaruka.

Dakika kumi za kwanza nilikuwa na maringo. Dakika ya ishirini nilianza kuwaza kuhusu mashine ya de Laval kwa upendo. Mikono iliwaka. Kogo alikuwa anakata mboga na hakuniangalia, lakini alikuwa anasikiliza.

"Bado," akasema, mara kama tano.

Mwanzoni sauti ni nzito, kama mtu anatembea kwenye tope. Kisha inanyamaza kabisa, malai yamekuwa mazito yameshika kuta, na unafikiri umeharibu. Hapo ndipo wengi huacha, Kogo aliniambia. Ukiendelea, ghafla kuna maji tena ndani, mepesi, na katikati ya maji kitu kinagonga. Gubu, gubu, kama mtu anabisha mlango.

"Sasa," akasema, kabla mimi sijasikia.

Tukamimina. Maji meupe yalitoka kwanza, chachu kidogo, tukayanywa. Kisha vipande vya manjano. Kogo aliviosha kwa maji baridi mara tatu, akiviponda kwa kijiko cha mti, kwa sababu maziwa yakibaki ndani siagi inachacha. Mwishowe ilikuwa kama nusu kilo, bonge la kukaa kwenye kiganja. Lita ishirini, siku mbili, karibu saa nzima ya mikono yangu. Shangazi alikuja akaangalia, akasema kwa supamaketi hiyo ni shilingi mia kadhaa. Alikuwa sahihi. Kogo akamwambia basi aende supamaketi anunue na bega.

Jumamosi wageni walikuja, wakala, wakazungumza hadi saa kumi. Ile Blue Band ilipakwa kwenye mkate wa chai na ikaisha yote, kwa hivyo haikuwa hasara. Walipokubaliana, Kogo aliitwa. Alitoa siagi kwenye bakuli dogo, akapaka binamu yangu kichwani, kisha mvulana, kisha wazazi wa pande zote, akisema maneno yake polepole. Baba mdogo alipofikiwa aliinama, na harufu ya moshi wa senetwet ikajaa chumba. Nilimwona anafunga macho. Hata mtu mzima ana mama aliyemnusa hivyo siku moja.

Iliyobaki tuliichemsha samli Jumapili. Ilitoka chupa moja ndogo, nikaja nayo Nairobi. Iko kwenye rafu juu ya meko yangu huku Kahawa West, bila friji, na mpaka leo haijabadilika harufu.

Jumapili hiyo kabla sijaondoka, saa kumi na mbili na nusu, pikipiki ilipiga honi kwenye lango. Baba mdogo alitoka na ndoo moja badala ya mbili. Nyingine aliileta jikoni, akaiweka kando ya sotet, akasema ya Jumapili jioni iwe inabaki.

Kogo hakumshukuru. Alifunua ndoo, akaangalia imejaa kiasi gani, akaniambia nimletee sosiot.